Macho kwanza, mikono baadaye: mkunga anavyofundishwa kumchunguza mtoto mchanga

Katika zahanati na vituo vingi vya afya vya Tanzania na Kenya, hakuna daktari atakayepita kesho asubuhi kumkagua mtoto aliyezaliwa usiku. Mkunga aliyempokea ndiye atakayemruhusu kwenda nyumbani. Akishaviringishwa kwenye khanga na kupakatwa, huenda wiki kadhaa zikapita kabla mtu mwingine mwenye ujuzi hajamvua nguo zote na kumtazama toka utosini hadi nyayoni. Kwa watoto wengi, uchunguzi wa mkunga ndio huo huo, hakuna mwingine nyuma yake.

Ndiyo maana inauma kuona ujuzi huu unavyofundishwa kijuujuu. Mwanafunzi anakariri orodha ya kuanzia kichwani mpaka vidole vya miguu, anaifanya mara mbili tatu kwenye mdoli, anafaulu mtihani wa vitendo. Halafu anafika wodini, mbele yake kuna mtoto anayelia, mama aliyechoka na wazazi wengine wanaomsubiri. Orodha anaikumbuka vizuri, ila mtoto hajachunguzwa.

Mkanganyiko unaanzia kwenye swali la uchunguzi wenyewe ni upi, kwa sababu mtoto hutazamwa mara tatu na kila mara ina kazi yake. Ya kwanza ni pale pale anapozaliwa: anapumua, analia, ana nguvu? Anakaushwa, anawekwa kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, alama za Apgar, yaani za kupima hali yake mara tu anapozaliwa, zinatolewa dakika ya 1 na ya 5. Hapo tunajua kama anahitaji kusaidiwa kupumua, basi. Ya pili ni baada ya kama saa 1, akishanyonya kwa mara ya kwanza. Huo ndio wakati ambao Shirika la Afya Duniani (WHO) linataka achunguzwe mwili mzima, apimwe uzito na joto, na apewe vitamini K miligramu 1 kwa sindano ya paja. Ya tatu ni kabla ya kuruhusiwa, na kwa mwongozo wa WHO mama na mtoto wasiruhusiwe kabla ya saa 24 kutimia.

Wanafunzi wengi huiona ya tatu kama marudio ya ya pili. Sivyo. Mtoto akiwa tumboni, damu yake hupita kwenye mshipa unaoruka mapafu, na mshipa huo hufunga taratibu katika siku za kwanza baada ya kuzaliwa. Zipo kasoro za moyo zisizoonyesha dalili yoyote mpaka mshipa huo ufunge. Manjano ya kawaida nayo huonekana kuanzia siku ya 2 au ya 3. Kama mtoto amekunya na kukojoa ndani ya saa 24, hilo huwezi kulijua akiwa na umri wa saa 1. Mkunga aliyemchunguza vizuri saa ya kwanza akaandika "mzima" amesema kweli, ila ni kweli ya saa ile. Kwa sababu hiyo hiyo WHO inataka mtoto aonwe tena kati ya saa 48 na 72, kati ya siku ya 7 na ya 14, na katika wiki ya 6.

Kama kazi hii ni ya daktari au ya mkunga, suala hilo lilishajadiliwa kwa muda mrefu Uingereza, na uzoefu wao unatufaa. Kule mtoto huchunguzwa kikamilifu ndani ya saa 72, kisha tena akiwa na wiki 6 hadi 8, na mkazo uko kwenye macho, moyo, nyonga na korodani. Kwa miaka mingi kazi hiyo ilikuwa ya madaktari wachanga kazini. Utafiti uliochapishwa huko mwaka 2004, uliolinganisha madaktari hao na wakunga waliopewa mafunzo, haukuona ubora ukishuka kwa wakunga, na akina mama waliridhika zaidi, hasa pale mkunga alipozungumza nao kuhusu afya ya mtoto. Viwango vya mwaka 2019 vya baraza linalosajili wakunga nchini humo vinamtaka kila mkunga anayehitimu awe anaweza kufanya uchunguzi kamili mwenyewe.

Lakini kuichukua orodha yao nzima na kuileta Dodoma au Kisumu ni kosa. Mfano ni nyonga. Uingereza mafunzo hutumia muda mwingi kwenye nyonga zisizokaa sawa kwenye kikombe chake. Kwa watoto wa Kiafrika tatizo hilo ni nadra mno, na wataalamu wengi wanahusisha jambo hilo na mbeleko, inayomweka mtoto mgongoni mapaja yakiwa yamepanuka. Nyonga zifundishwe, hasa kwa mtoto aliyekaa kitako tumboni. Ila ukiwa na siku moja ya mafunzo na ukaimaliza nusu yake hapo, umeunyima muda mgongo wazi, mguu kifundo, kaakaa wazi, njia ya haja kubwa iliyoziba, manjano na uambukizi, mambo ambayo mkunga wetu atakutana nayo kweli.

Mtoto anayelala ni fursa

Orodha ya kichwa hadi mguu inafaa kwa kuandika kwenye kadi. Kwa kufanya kazi, fuata utulivu wa mtoto: yale yanayohitaji ukimya yatangulie, yanayomliza yaje mwisho. Mwanafunzi anayeanza kwa kumvua nguo na kumpima kichwa amejinyima moyo, pumzi na macho kwa mkupuo mmoja.

Kwa hiyo, kabla ya kumgusa, mtazame akiwa kifuani kwa mama. Rangi yake, mkao wake, uso kama unalingana pande zote anapokunja sura, kifua kinavyopanda. Kwa mtoto mwenye ngozi nyeusi, weupe au ubluu hausomwi kwenye mashavu; tazama ulimi na fizi. Viganja na nyayo kuwa na ubluu siku ya kwanza ni kawaida, ulimi kuwa na ubluu si kawaida hata kidogo.

Kisha hesabu pumzi kwa sekunde 60 kamili. Hapa ndipo pazuri pa kumpima mwanafunzi, maana karibu kila mmoja anataka kuhesabu sekunde 15 na kuzidisha mara 4. Mtoto mchanga hapumui kwa mwendo mmoja: anakwenda harakaharaka, anatulia sekunde 5 hadi 10, anaanza tena. Ukidaka sekunde 15 za utulivu utapata pumzi 8, yaani 32 kwa dakika. Ukidaka sekunde 15 za haraka utapata 18, yaani 72. Mtoto ni yule yule, dakika ni ile ile, na katika jibu moja unampeleka rufaa, katika jingine unamruhusu. Pumzi 60 au zaidi kwa dakika ni dalili ya hatari, lakini hesabu mara ya pili kabla ya kuamua. Kifua kinachobonyea kwa nguvu chini ya mbavu hakihitaji kuhesabiwa, chukua hatua.

Moyo unafuata, angali amelala. Pasha stethoskopu joto kiganjani kwanza, kwa sababu chuma baridi kinamwamsha na nafasi inapotea. Mapigo huwa kati ya 110 na 160 kwa dakika, na mtoto aliyelala fofofo anaweza kushuka hadi karibu 100. Mvumo hafifu unaosikika siku ya kwanza mara nyingi ni ule mshipa unaofunga, na kesho yake haupo. Tahadhari iko upande wa pili: moyo wenye kasoro kubwa unaweza kuwa kimya kabisa. Kwa hiyo stethoskopu peke yake haitoshi, na hapa mapigo ya kinenani yana thamani kuliko mwanafunzi anavyodhani. Kunjua paja kidogo, weka ncha za vidole katikati ya kinena, kisha usibonyeze. Wengi hubonyeza mpaka wanaufunga mshipa wenyewe, halafu wanasema haupigi, au wanahisi mapigo ya vidole vyao na kusema unapiga. Subiri, legeza, subiri tena. Linganisha na mapigo ya mkono wa kulia. Kinena kikiwa dhaifu huku mkono ukiwa na nguvu, huenda mshipa mkuu wa damu umebana mahali.

Kama oksimita, kifaa cha kupima oksijeni kwenye damu, ipo, pima mkono wa kulia na mguu mmoja. Tunataka 95% au zaidi kote kuwili, na tofauti isizidi 3. Chini ya 90% popote ni dharura. Katika miinuko mirefu namba hushuka kidogo hata kwa mtoto mzima, jambo ambalo wakunga wa huko wanapaswa kufundishwa, wasije wakazoea kupuuza kifaa.

Macho, na picha zinazopotosha

Macho ndiyo sehemu inayorukwa kuliko zote. Sababu ni mbili: mtoto hakufungua, na mkunga hakuwa na ofthalmoskopu, kifaa chenye mwanga cha kutazamia ndani ya jicho. Ya kwanza ina dawa. Usimlazimishe kwa vidole. Mnyanyue wima, mwegemeze mbele na nyuma taratibu kwenye chumba chenye mwanga hafifu, atafungua mwenyewe. Ya pili inaanza kupata dawa, kwa sababu siku hizi kuna vifaa vidogo vya bei nafuu vinavyochajiwa kwa jua, kama Arclight, kilichotokana na kazi ya Chuo Kikuu cha St Andrews kule Scotland. Mwongozo wa WHO wa mwaka 2022 unapendekeza kila mtoto mchanga achunguzwe macho, kwa hiyo kifaa si anasa tena.

Simama umbali wa sentimita 30 hadi 50, elekeza mwanga kwenye macho yote mawili, tafuta mng'ao unaorudi. Vitabu vya Ulaya huonyesha mng'ao mwekundu wa kung'aa. Kwa watoto wetu, ambao sehemu ya nyuma ya jicho ina rangi nyingi zaidi, mng'ao mara nyingi ni wa chungwa, wa shaba, au hafifu wa njano-kijivu. Mwanafunzi aliyefundishwa kwa picha zile peke yake atapeleka rufaa nusu ya wodi, au atachoka na kuacha kutazama. Mfundishe kulinganisha: macho mawili yafanane. Jicho moja likiwa jeusi, likiwa na doa, au likirudisha weupe, apelekwe haraka, kwani huenda ni mtoto wa jicho wa kuzaliwa nao au saratani ya jicho, na yote mawili hayasubiri kliniki ya miezi mitatu.

Tazama macho kabla ya kupaka dawa ya macho, kwa sababu mafuta yake huziba mng'ao. Na kila mara soma jina kwenye tyubu. WHO ilishatoa tahadhari kuhusu watoto waliojeruhiwa macho baada ya klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu inayopakwa kitovuni, kupakwa machoni kwa kudhaniwa ndiyo dawa ya macho. Ziwekwe rafu tofauti.

Yanayopita vidoleni

Akishaamka na kulia, uchunguzi haujaharibika. Mdomo uko wazi. Hapo ndipo utazame kaakaa, na neno ni kutazama. Kupapasa kwa kidole pekee huacha mpasuko wa kaakaa laini, ule wa nyuma kabisa. Tumia tochi, ushushe ulimi kwa kijiti cha kushikia ulimi, uone mpaka kimio. Mpasuko ukipitwa, mtoto atanyonya wiki nzima bila kuongezeka, maziwa yatatokea puani, na mama ataambiwa hana maziwa. Lawama hiyo tumeiweka sisi kwa kutotumia tochi.

Uvimbe wa kichwa unahitaji mkono uliozoea. Uvimbe laini wa ngozi unaovuka maungio ya mifupa, uliotokana na kusukumwa, hupotea ndani ya siku chache. Damu iliyovilia juu ya mfupa mmoja haivuki maungio. Nayo hujiondokea kwa wiki kadhaa, ila inaongeza manjano. Wa tatu ndio unaoua: damu inayotapakaa chini ya ngozi ya kichwa kizima, hasa baada ya kuvutwa kwa vakyumu, kifaa cha kunyonya kinachobandikwa kichwani kumtoa mtoto. Ukibonyeza unahisi majimaji yanahama, uvimbe unashuka mpaka nyuma ya masikio na shingoni. Mtoto wa kilo 3 ana damu kama mililita 240 tu mwilini mwake, pungufu ya chupa ya soda, na nafasi iliyo chini ya ngozi ya kichwa inaweza kumeza kiasi hicho chote. Kila aliyezaliwa kwa vakyumu apapaswe kichwa na apimwe mzunguko wake mara kwa mara katika saa za mwanzo. Kupima mara moja hakuonyeshi kinachoongezeka.

Nepi ivuliwe. Inaonekana ni jambo la kitoto kuliandika, lakini njia ya haja kubwa iliyoziba hupitwa kwa sababu hiyo hasa. Panua mapaja kwenye mwanga, ione tundu lenyewe mahali pake. Kuona kinyesi kwenye nguo si ushahidi wa kutosha: kwa msichana kinaweza kutokea ukeni, na kwa mvulana kwenye mkojo. Mvulana ambaye tundu la mkojo liko chini ya uume asitahiriwe, kwa sababu ngozi ile ndiyo daktari wa upasuaji ataitumia kumrekebisha. Pwani, wanakotahiriwa wakiwa wadogo, mama na bibi waambiwe siku hiyo hiyo. Korodani zitafute kwa mikono yenye joto, ukishusha vidole toka kinenani kwenda chini. Moja ikikosekana, afuatiliwe. Zote mbili zikikosekana, mtoto aonwe na mtaalamu ndani ya saa 24 na usitamke jinsi yake kabla ya hapo, maana huenda ni msichana mwenye tatizo la homoni linaloweza kumuua kwa kupoteza chumvi. Damu kidogo ukeni na matiti yaliyovimba ni kawaida, vinatokana na homoni za mama. Matiti hayo yasikamuliwe, hutunga usaha.

Mgongo unatazamwa mtoto akiwa amelala kifudifudi juu ya kiganja chako, kidole kikishuka pingili kwa pingili. Mguu uliopinda usukume polepole ukae sawa: ukikaa, ulikuwa umekunjika tu tumboni. Usipokubali, ni mguu kifundo. Madoa ya buluu kiunoni na matakoni ni rangi ya kuzaliwa nayo, yaandikwe kwenye kadi asije mtu baadaye akadhani mtoto amepigwa. Nyonga na ule mtihani wa kumshtua atandaze mikono vije mwisho kabisa. Mkono mmoja usipotanda, papasa mtulinga.

Manjano yatazamwe dirishani, kwa mwanga wa mchana, si chini ya taa ya wodi. Bonyeza ngozi ya pua au kifua, achia, tazama rangi kabla damu haijarudi. Kisha angalia fizi, weupe wa macho, viganja na nyayo. Yakionekana kabla ya saa 24, au yakifika viganjani na nyayoni siku yoyote ile, ni hatari. Kukadiria kiwango kwa macho hakuaminiki hata kwa mzoefu, hivyo penye kipimo kipimwe.

Kinachomfanya mkunga ajue

Mdoli unafundisha mpangilio, namna ya kumshika na namna ya kusema na mama. Haufundishi mvumo wa moyo, wala mng'ao wa jicho, wala ngozi inavyohisi. Hayo hupatikana kwa watoto wazima wengi, na tunasisitiza wazima. Mwanafunzi aliyeonyeshwa picha 50 za kasoro lakini hajapapasa tosi za watoto wazima vya kutosha hana cha kulinganisha nacho. Kasoro nyingi hatazikuta katika mafunzo yake yote. Atakapokutana nayo, kitakachomshtua ni kwamba haifanani na wale wengine wote.

Njia tunayoiamini ni hii: mwanafunzi amchunguze mtoto peke yake na aandike. Mkufunzi amchunguze mtoto yule yule bila kusoma alichoandika mwanafunzi. Kisha walinganishe mbele ya mtoto. Pale wanapotofautiana ndipo somo lilipo. Kutia sahihi daftari la utendaji kwa sababu idadi imetimia hakumfundishi mtu.

Na semina ya siku moja haitoshi. Somo hilo tulishalipata nyumbani. Katika Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, mkoani Manyara, mafunzo ya siku moja ya kumsaidia mtoto kupumua yaliwafanya watumishi wafanye vizuri kwenye mdoli, lakini huduma chumbani haikubadilika. Yalipogeuzwa kuwa mazoezi mafupi, ya mara kwa mara, pale pale kazini, vifo vya ndani ya saa 24 vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa. Uchunguzi wa mwili ni ujuzi mwingine, lakini mikono inasahau kwa namna ile ile. Dakika 10 wakati wa kukabidhiana zamu, mtoto mmoja, jambo moja: leo kaakaa, kesho kinena.

Kwenye kadi, "kawaida" iandikwe tu kwa kilichotazamwa. Macho yasipofunguka, andika "macho hayajaonekana, yarudiwe" na saa. Neno "kawaida" lililoandikwa kwa mazoea humzuia hata yule wa zamu inayofuata asitazame.

Ugunduzi nao uwe na pa kwenda. Mguu kifundo huanza kutibiwa katika wiki za mwanzo kwa njia ya Ponseti, plasta ikibadilishwa kila wiki, kisha viatu maalumu mpaka mtoto afikie miaka 4 hivi. Dar es Salaam hufanyika hospitali ya CCBRT. Mgongo wazi hufunikwa kwa kitambaa safi kilicholoweshwa maji ya chumvi ya hospitali, mtoto akalazwa kifudifudi au ubavu, kisha rufaa. MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, ina huduma hiyo. Njia ya haja kubwa iliyoziba ni ya siku hiyo hiyo: asinyonye, awekewe mpira wa tumbo na dripu. Mtoto asafiri akiwa na joto kati ya 36.5 na 37.5, ngozi kwa ngozi na mama panapowezekana. Barua ya rufaa iseme saa aliyozaliwa, uzito, kama amepata vitamini K, amekojoa na kunya saa ngapi, na alinyonya mara ya mwisho lini, maana hayo ndiyo daktari wa upasuaji na wa usingizi watakayouliza kabla hawajamgusa.